Paa la Darasa la Nne B

King'ora cha saa mbili kilipolia, paa la darasa la nne B liliinuka kutoka kwenye kuta, likasimama hewani kiasi cha mtu kuweza kupitisha kichwa, na mwalimu wa darasa akasogeza kopo la chaki lisije likaanguka dirishani. Alikuwa anaandika tarehe ubaoni. Aliimalizia. Watoto walikuwa chini ya madawati, kila mmoja ameshika kisogo kwa mikono miwili, na jua lililopenya pale juu ya kuta liliwapiga migongoni. Njiwa aliingia upande mmoja akatokea upande wa pili. King'ora kilipokoma, watoto walitoka mmoja mmoja, wakapangusa magoti, na wa mwisho alipokaa paa likashuka taratibu mpaka mahali pake. Vumbi kidogo lilianguka kwenye madaftari ya mstari wa mbele.

"Tarehe," mwalimu alisema, na watoto wakapuliza vumbi, wakaandika tarehe.

Mambo haya yalianza muhula ule shule ilipopokea watoto waliokimbia makwao. Walitoka nchi mbalimbali, kila kundi na lugha yake na kisa chake. Muhula huohuo ofisi ya elimu ilifunga ving'ora vya umeme katika shule zote za mji. Kengele ya zamani, kipande cha chuma kilichokuwa kikigongwa kwa nondo, ikatupwa stoo. King'ora kilikuwa na sauti ileile waliyoizoea watoto huko walikotoka, ile inayotangulia kabla ya vitu kuanguka kutoka angani. Hakuna aliyekichagua kwa ubaya. Kilichaguliwa kwa sababu kinasikika mpaka sokoni.

Mapaa ya madarasa mengine nayo yaliinuka, lakini kidogo tu, maana kila darasa lilikuwa na watoto wawili watatu wa aina hiyo. Nne B walikuwa karibu wote. Mkuu wa shule ndiye aliyewakusanya pamoja, eti wasiwapotezee wengine mwelekeo. Fundi wa shule alipigilia paa misumari mipya, na kesho yake akaikuta yote sakafuni, imenyooka, safi kama ndiyo kwanza inatoka dukani. Akaiokota, akaipiga tena.

"Misumari ya siku hizi haina adabu," alisema, akaenda kunywa chai.

Wazazi nao walikuja kulalamika kuhusu mvua. Mkuu wa shule aliwaambia mvua zenyewe hazijaanza. Wakasema basi watarudi zikianza, wakaenda zao.

Mwalimu wa nne B alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili, na maringo yake yote alikuwa ameyaweka kwenye lile darasa. Wenzake walimtania ofisini. "Leo mmepaa mpaka wapi, mama wa anga?" Naye aliwajibu bila kuinua macho kutoka kwenye madaftari aliyokuwa akisahihisha: "Tumefika mahali ambapo hesabu za wanafunzi wenu hazijafika." Na kweli, kwa hesabu nne B walikuwa moto wa kuotea mbali. Mtoto aliyewahi kugawa mkate mmoja kwa watu tisa, tena gizani, bila mtu kunung'unika, hatishwi na hesabu za sehemu. Mwalimu aliwapenda kupita kiasi na hakuona haya kusema hivyo mbele ya mtu yeyote.

Ofisi ya elimu haikukaa kimya. Ilimpeleka semina ya kuwalea watoto waliopitia mazito, akarudi na mwongozo wenye picha za rangi. Mwongozo ulisema darasa liwe na kona ya utulivu yenye mto laini, na mtoto aliyeshikwa na hofu akakae huko peke yake. Ulisema pia wafumbe macho, wavute pumzi, wafikirie mahali wanapopapenda. Alijaribu vyote, maana hakuwa mtu wa kukiponda chakula kabla ya kukionja. Walipofumba macho, paa liliinuka bila king'ora kulia kabisa, likapita mlingoti wa bendera, ikabidi fundi aliteremshe kwa kamba. Kona nayo ilibaki tupu. Katika nchi ya baadhi yao, anayeketishwa peke yake juu ya mto ni mfiwa. Kwa wengine ni mwizi anayesubiri hukumu. Nani angekubali kwenda kukaa huko mbele za watu? Mwishowe mto ulihamia kwenye kiti cha mwalimu, ukamfaa sana kiuno.

"Mwongozo si mbaya," alimwambia mkuu wa shule. "Ila umeandikwa na mtu ambaye mahali anapopapenda bado papo."

Mkuu wa shule alikuna shavu. Alikuwa na jambo jingine la kumwambia. Ijumaa ya wiki iliyofuata angekuja mkaguzi kuangalia madarasa. Darasa ambalo paa lake halitulii lingefungwa, na watoto wake wangegawanywa kwenye shule nyingine za mji, wawili huku, watatu kule, popote penye nafasi ya dawati.

"Basi kizimeni king'ora," mwalimu alisema.

"King'ora ni cha ofisi."

"Kizimeni darasani kwangu tu."

"Waya ni mmoja, mwalimu. Na utaratibu ni mmoja."

Alitoka pale na hasira. Wale watoto walikuwa wamekwisha kutawanywa mara moja, na waliowatawanya hawakumwuliza hata mmoja wao rafiki yake ni nani. Sasa walikuwa wamepata wa kugombana nao, wa kunakili kwake, wa kumfichia kalamu. Kuwagawa tena ilikuwa ni kuwaambia kwamba hapa napo si mahali pao. Alisimama nje ya darasa mpaka sura yake ikatulia, akaingia, akafuta ubao wote.

"Leo hatusomi," alisema. "Nataka kuuliza. Kule kwenu, mkiwa nje mnacheza na jua linazama, mlikuwa mnaitwaje mrudi ndani?"

Darasa likafumuka. Mmoja alikuwa na babu aliyepiga mluzi kwa vidole viwili. Mwingine, mama yake alipiga makofi kutoka ghorofani, matatu ya haraka na moja la kuchelewa. Kulikuwa na sufuria iliyogongwa kwa mwiko. Kulikuwa na dada aliyewaita wadogo zake kwa matusi, lakini kwa wimbo mzuri. Kulikuwa na bibi ambaye alikohoa tu mlangoni, kikohozi kisicho na ugonjwa wowote, na uwanja mzima ukatawanyika.

Basi mwalimu akawafundisha kufundishana. Kila mtoto alijifunza mwito wa jirani yake wa dawati, na jirani akajifunza wa kwake. Msichana aliyekabidhiwa kikohozi cha bibi alikifanyia mazoezi nyumbani kwa bidii mpaka mama yake akampeleka zahanati. Hivyo king'ora kilipolia, kabla mtu hajafika chini ya dawati, jirani yake alikuwa amekwisha kumwita kwa sauti ya kwao. Zilikuwa kelele, jamani, kelele hasa. Mluzi, makofi, sufuria, matusi ya kuimba. Mwalimu wa nne A alikuja kuuliza kama kuna msiba au harusi.

Siku ya kwanza paa liliinuka nusu. Siku ya pili liliinuka kiasi cha unene wa kidole. Siku ya tatu lilibaki limekaa, isipokuwa kona moja ya nyuma, karibu na dirisha. Hiyo ilijiinua peke yake, kama kifuniko cha sufuria iliyosahauliwa mwiko ndani.

Chini ya kona ile alikaa msichana mdogo kuliko wote. Wenzake walimwita Bi Mkubwa, kwa jinsi alivyotembea mikono nyuma kama mtu aliyekuja kukagua shamba lake. Alikuwa na maneno machache na mwandiko mzuri. Alipoulizwa kwao walimwitaje, alimtazama mwalimu kwa heshima, akatikisa kichwa. Jirani yake alijaribu mluzi, akajaribu makofi, akaazima na kikohozi. Bi Mkubwa alibaki chini ya dawati na kona ilibaki juu.

Hapo mwalimu akafanya kosa ambalo ni mtu mwenye bidii tu anayeweza kulifanya. Jambo alilojivunia kuliko yote lilikuwa majina. Walimu wengine waliyakatakata majina ya watoto wa kuja, wakayafupisha, wakayageuza. Yeye alikuwa ameyasoma yote, herufi kwa herufi, na kila asubuhi kabla ya king'ora alichukua mahudhurio kwa sauti ya kufika uwanjani, kila jina limekaa sawasawa. Jina la Bi Mkubwa ndilo lililomtesa. Lilikuwa refu, na katikati lilikuwa na sauti inayotokea kooni. Akakata kauli kwamba hapo ndipo penye tatizo: mtoto haitiki kwa sababu haitwi vizuri. Akalifanyia kazi jina lile akioga, akiosha vyombo, akipanda ngazi.

"Ukiliita tena hivyo," mumewe alimwambia mezani, "nitaitika mimi."

Alhamisi asubuhi alilitamka bila kasoro. Yeye mwenyewe alisikia. Kona ya paa ikaruka juu kuliko ilivyowahi kuruka, na king'ora kilikuwa hata hakijalia. Njiwa akaja akatua juu ya ukuta, ndani kabisa, akatazama mahudhurio yakiendelea.

Alasiri ile alikwenda kwa shangazi wa Bi Mkubwa, aliyekuwa akimlea. Shangazi alikuwa msusi, akifanyia kazi kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, na mwalimu alimkuta amembana mteja kichwa katikati ya magoti. Mwalimu alikaribishwa ndoo iliyopinduliwa, akakaa, akaeleza yote: mkaguzi, kesho, kona. Shangazi alisikiliza huku chanuo liko mdomoni.

"Sasa nauliza," mwalimu alisema. "Kwenu mtoto anaitwaje arudi nyumbani?"

Shangazi akatoa chanuo mdomoni. "Haitwi."

"Haitwi vipi?"

"Kwetu mtoto haitwi, mwalimu. Anafuatwa. Unakwenda mpaka alipo, unasimama, kivuli chako kinamgusa. Akiinua uso, mnarudi pamoja."

"Na siku isiyo na jua?"

"Unasimama hivyohivyo. Kwani wewe ukisimamiwa kichwani hujui?"

Mteja akacheka kwa uchungu, maana alikuwa anavutwa nywele. Mwalimu naye akacheka, halafu akauliza, kama mtu anayejiulizia tu, kuhusu jina.

Shangazi alimtazama. "Jina hutajwa pole, mtu akiwa karibu. Kulipaza halipazwi. Linapazwa siku moja tu, jioni ya maziko. Mtu mzima anasimama mlangoni analiita kwa nguvu, lote, mpaka mwisho, ili mwenyewe asikie huko aliko kwamba ameruhusiwa kwenda." Mikono yake ilikuwa imesimama. "Wewe unaliita?"

"Kila asubuhi," mwalimu alisema.

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

Redio ya jirani ilikuwa inatangaza sabuni.

"Ndiyo maana basi," shangazi alisema. "Akirudi tu shuleni ananinyooshea mkono. Ananiambia, nishike. Namshika, anauliza, ni wa moto? Namwambia wa moto. Nilidhani anaogopa homa."

Mwalimu aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu awe mtu mzima. Alitamani ardhi ipasuke. Muhula mzima alikuwa amemtangaza mtoto yule marehemu kila kukicha, kwa matamshi yanayozidi kuwa bora, na mtoto yule kila kukicha alikuwa amevaa sare akaja.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Akusahihishe wewe? Mwalimu wake?" Shangazi akarudisha chanuo kwenye nywele. "Hatukumlea hivyo. Na mimi hukuniuliza. Siku ya kumwandikisha mliniuliza anaitwa nani, nikawajibu."

Ijumaa mkaguzi alifika mapema. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni, na alikaa nyuma ya darasa kwenye kiti kidogo mpaka magoti yakamfika kifuani. Aliangalia kuta, akaangalia sakafu, akaangalia njiwa.

"Endelea na mahudhurio, mwalimu," alisema. "Kwa sauti, kama inavyotakiwa."

Mwalimu akaanza. Kila jina lilitoka lote, na kila mtoto akaitika. Alipofika kwa Bi Mkubwa aliweka kalamu mezani. Akapita katikati ya madawati bila haraka. Viatu vyake vilikuwa na kisigino kilicholegea, na mlio wake ulisikika darasa zima. Akafika dawati la nyuma karibu na dirisha, akasimama. Jua la asubuhi lilikuwa linaingia kwa nyuma yake, na kivuli chake kikaangukia daftari, kikapanda mikono, kikafika kwenye paji la uso la mtoto.

Bi Mkubwa hakuinua uso mara moja. Kwanza alimaliza neno aliloliandika, akaweka nukta. Kisha akainua uso, na mwalimu akamtajia jina lake pole, jinsi mtu anavyomwambia jirani kwamba chai iko tayari.

"Nipo," Bi Mkubwa alisema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza katika mahudhurio tangu muhula uanze.

"Umeruka jina moja," mkaguzi alisema.

"Sijaruka," mwalimu alisema. "Hilo linafuatwa."

Mkaguzi alifungua mdomo, na king'ora kikalia. Mwalimu hakusogea pale alipokuwa. Mluzi ukapigwa, makofi yakafuata, sufuria ikagongwa, bibi wa mtu akakohoa, matusi yakaimbwa mbele ya mkaguzi wa serikali bila kupunguzwa hata moja. Watoto wote walikuwa wamekaa juu ya viti vyao, vichwa juu, wakiitana. Bi Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mwalimu, mikono juu ya dawati. Paa halikutikisika. Njiwa alitafuta njia ya kutokea, akaikosa, ikabidi afunguliwe dirisha.

Mwalimu aliwatazama, na kifua kikamjaa fahari. Angetaka kila mtu aliyewahi kuwaita mzigo awe amesimama mlangoni wakati ule. Alikuwa na hakika hakuna darasa jingine chini ya jua linalojua kumwita kila mtu wake namna ile, na hata sasa ukimwuliza atakwambia hivyohivyo, na ukibisha mtakosana.

Dirishani mkaguzi aliona mapaa ya madarasa mengine yakiinuka na kushuka. Aliandika: upepo. Alimwita fundi, akamwuliza ametumia misumari gani nne B, fundi akamwonyesha. Taarifa ilipotoka ilisema darasa la nne B ni imara na lisifungwe, na sifa ikaenda kwa misumari. Fundi alipongezwa mbele ya shule nzima, akapokea pongezi shingo upande. Kuhusu king'ora, taarifa ilisema kinafanya kazi vizuri na kinasikika.

Mwalimu alikwenda tena kwa mkuu wa shule. Alikwenda hadi ofisi ya elimu. Alieleza habari za mluzi, za kikohozi, za kivuli, akasema kila shule iwaulize watoto wake na kile king'ora kizimwe. Walimsikiliza vizuri sana. Afisa mmoja aliandika neno "kivuli" akalipigia mstari. Halafu walimweleza kwamba watoto wengine wanatarajiwa, wengi, kutoka mahali papya palipoanza kuwaka, na ofisi imekwisha kulifikiria suala la mapaa.

Walilifikiria kweli. Madarasa mapya yalijengwa wakati wa likizo nyuma ya uwanja, na mapaa yake yalifungwa kwa bawaba. Fundi alizitia mafuta mwenyewe. Muhula ulipofunguliwa na king'ora kikalia, mapaa yale yalifunguka yote kwa pamoja, taratibu, bila mlio, yakafunga tena bila kumwaga vumbi. Wageni kutoka ofisini walipiga picha. Shule nyingine ziliomba vipimo.

Nne B walibaki na paa lao la zamani na misumari yao. Saa nne, siku ya kwanza ya muhula, king'ora cha mapumziko kilipolia, mwalimu aliacha chaki, akapita katikati ya kelele za madawati kwenda dirishani, kama kawaida yake. Dawati la Bi Mkubwa lilikuwa tupu. Alitupa macho nje.

Bi Mkubwa alikuwa amekwisha kuvuka uwanja, mikono nyuma, akaingia darasa la kwanza kati ya yale mapya, ambalo mlango wake ulikuwa wazi na paa lake limekaa wima juu ya bawaba. Chini ya dawati la karibu na mlango kulikuwa na mtoto mdogo, mgeni, ameshika kisogo. Bi Mkubwa alisimama mbele yake. Jua lilikuwa limekwisha kupanda na kivuli chake kilikuwa kifupi, hakikumfikia. Akasogea hatua moja. Akasogea nyingine. Akangoja, bila kusema kitu, mpaka mtoto yule akainua uso.

Upande mmoja wa paa ukashuka, ingawa bawaba zilikuwa bado zimeachiwa. King'ora kilikuwa hakijamaliza kulia. Bi Mkubwa alimshika mtoto mkono, akamtoa nje kwenye jua, akalitazama paa lililofuata, na wote wawili wakaanza kutembea kuelekea huko.